Nyumba ya Kisiwani: Kwanza Uliza Maji Yalifika Wapi

Aghalabu askari hupitisha maisha yake yote ya kazi ndani ya nyumba asiyoichagua mwenyewe. Mwaka huu yuko Moroto, mwaka ujao Kasese, baadaye Masaka. Kila aendako hukabidhiwa ufunguo wa chumba cha kambini, naye mkewe hutandika, hupika na kulea watoto papo hapo palipopatikana. Siku sare inaporudishwa ghalani, ufunguo nao hurudishwa. Ndipo watu wawili waliokwisha kupita umri wa miaka 50 wanapojikuta wakiulizana swali ambalo wenzao wa uraiani waliulizana wangali vijana: tutakaa wapi, na katika nyumba ya namna gani?

Swali hilo ni zito kwa kuwa kiinua mgongo hulipwa mara moja tu. Mshahara ukitumiwa ovyo, mwezi ujao utaleta mwingine. Kiinua mgongo kikiingia katika nyumba mbovu, hakuna mwezi ujao utakaokirudisha.

Mahali pamoja panapovutia macho ya watu wanaotafuta utulivu baada ya kazi ni Visiwa vya Ssese, katika Ziwa Viktoria. Visiwa hivi 84 ndivyo vinavyofanya Wilaya ya Kalangala nchini Uganda, na kikubwa kuliko vyote ni Bugala. Viko kusini kidogo tu ya mstari wa Ikweta. Mvua ni nyingi, udongo ni mwekundu, misitu bado ipo, na tangu katikati ya miaka ya 2000 mashamba makubwa ya michikichi yameenea Bugala. Mtu huvuka kwa kivuko kutoka Bukakata, upande wa Masaka, hadi Luku. Au huabiri meli kutoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, hadi Lutoboka. Afikaye huko siku ya kiangazi, ziwa likiwa limetulia, huona kwamba amepata pepo ndogo. Lakini kisiwa kina masharti yake, na asiyeyajua huyalipia.

Nyumba iliyopakwa rangi mpya

Chukulia mfano wa sajini mmoja wa polisi aliyebakiza miezi minane kabla ya kustaafu. Dalali amempigia simu kumwarifu kwamba ipo nyumba Bugala, vyumba vitatu, paa la mabati, hatua chache kutoka ufukweni. Bei ni nafuu. Dalali anamhimiza atume arbuni ndani ya juma moja, kwa maana yupo tajiri wa Kampala anayeitaka nyumba hiyo hiyo. Sajini amekwisha kuuona moyoni mwake mtumbwi wake na nyavu zake mbele ya mlango. Mkewe, ambaye kwa miaka 20 ameuza mboga na mkaa mbele ya kota, anasema neno moja tu: "Baba watoto, twende tukaione mvua ikinyesha."

Wakaenda mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Sajini alitazama ziwa; mkewe alitazama kuta. Akaona kwamba ndani ya vyumba vyote rangi ilikuwa mpya kuanzia sakafuni hadi kiunoni tu, na juu ya hapo ilikuwa ya zamani. Akaona mlango wa nyuma umevimba chini, haufungiki bila kusukumwa kwa goti. Akaingia chumba cha mpangaji na kukuta kitanda kimeinuliwa juu ya matofali mawili mawili kila mguu.

"Mbona kitanda kimepandishwa hivi?" akauliza. Mpangaji alicheka, asijibu.

Jibu lilitoka nje, kwa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu chini ya mwembe. "Afande," alisema, "hapo uliposimama, mwaka ule wa korona nilipitisha mtumbwi." Kisha akaonyesha kwenye shina la mwembe alama iliyofika kifuani pake.

Mzee huyo hakutia chumvi. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita kidogo alama ya 1964, ambayo kwa miaka 56 ilikuwa ndiyo ya juu kabisa. Hesabu hiyo si kina cha ziwa. Ni alama ya kijiti cha kupimia ambacho wataalamu hukisoma mwaka hadi mwaka. Kati ya 1961 na 1964 maji yaliongezeka kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2024 yalipanda tena na kuvamia fukwe. Maana yake ni kwamba ziwa hili huenda na kurudi. Ardhi ambayo maji yameiacha leo haikupewa binadamu, imeazimwa tu.

Kwa sababu hiyo kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zimetenga ukanda wa mita 200 kando ya Ziwa Viktoria, unaopimwa kuanzia alama ya maji ya chini. Ndani ya ukanda huo mtu hajengi apendavyo. Nyumba aliyoonyeshwa sajini ilikuwa umbali wa hatua 60. Hata kama maji yasingerudi kamwe, serikali ingeweza kumtaka aondoke, naye asingekuwa na la kujitetea.

Karatasi kabla ya tofali

Tishio la pili halionekani kwa macho. Ssese ni sehemu ya Buganda, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya mailo, mfumo uliotokana na Mapatano ya 1900. Chini ya mfumo huo shamba moja laweza kuwa na watu wawili wenye haki: mwenye hati, na mwenye kibanja anayekaa juu yake na kumlipa mwenye hati kodi ya busuulu kila mwaka. Mtu wa kutoka mkoa mwingine husikia neno "nauza" akadhani ananunua ardhi yote, kumbe ananunua kibanja tu. Kununua kibanja si kosa, na familia nyingi zimekaa kwa amani juu ya vibanja. Kosa ni kukinunua bila idhini ya mwenye hati, au kulipa bei ya hati kwa kupewa kibanja.

Yafaa mnunuzi afuate mambo haya kwa utaratibu. Kwanza, apate namba ya kiwanja na kuipeleka ofisi ya ardhi, akapekue ni nani aliyeandikwa kuwa mwenyewe na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu yake. Pili, amlipe mpima ardhi aliyesajiliwa athibitishe mipaka, na kwamba kiwanja hakikuingia katika msitu wa hifadhi, kwa kuwa Bugala ina misitu mingi ya namna hiyo, nayo haiuziki. Tatu, akae na majirani wa pande zote nne mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nne, ahakikishe kwamba mke au mume wa muuzaji ameridhia. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamzuia mtu aliye katika ndoa kuuza ardhi ambamo familia yake inakaa bila idhini ya mwenzi wake. Mauzo mengi yaliyofanywa kwa siri na baba wa nyumba yamevunjika siku mama alipofika mahakamani.

Na jambo la tano ni la mnunuzi mwenyewe. Jina la mke liandikwe kwenye karatasi pamoja na la mume. Askari ajuaye jinsi rafiki zake walivyotoweka kazini hana haja ya kuelezwa kwa nini.

Kupanga kwanza, kununua baadaye

Sajini na mkewe hawakutuma arbuni. Walipanga vyumba viwili juu ya kilima, nusu saa kwa miguu kutoka ziwani, wakakaa humo kwa masika moja na kiangazi kimoja. Jirani zao waliwacheka kwamba wanatupa fedha za kodi. Lakini kodi ya miezi michache ni bei ndogo ya kujifunza kisiwa.

Katika muda huo walijifunza mambo ambayo dalali hasemi. Walijua ni siku gani kivuko huchelewa na jinsi bei ya mfuko wa saruji inavyopanda kwa kuwa umepakiwa, umevushwa na kupakuliwa. Walijua zahanati iko mbali kiasi gani usiku, na shule ya mjukuu wao iko wapi. Walijua pia kwamba ufuo wa ziwa una konokono wanaoeneza kichocho, na kwamba anayechota maji kwa kuingia hadi magotini huweza kuuchukua ugonjwa huo. Hapo ndipo walipochagua kibanja chenye mteremko mdogo, juu kabisa ya alama ya mwembe, chenye udongo mgumu na njia ya gari.

Jua, upepo na paa

Nyumba inayokubaliana na mazingira haihitaji mitambo ya ghali. Inahitaji kwanza kuwekwa sawasawa. Karibu na Ikweta jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi kwa ukali kuliko kuta nyingine. Kwa hiyo nyumba ndefu ilazwe kutoka mashariki kwenda magharibi, ili kuta zake fupi ndizo zipigwe na jua, na madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini.

Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Chumba chenye dirisha moja hakiupati. Chumba chenye matundu pande mbili zinazokabiliana hupoa chenyewe. Madirisha yawekewe wavu wa kuzuia mbu, kwa maana malaria haina likizo visiwani. Paa lining'inie nje ya ukuta angalau sentimita 60, na upande wa mvua zaidi ya hapo, ili maji yasichape ukuta. Baraza pana mbele ya nyumba ni chumba cha bei rahisi kuliko vyote: ndani yake mama hukaa, watoto husoma, na nguo hukauka siku za mvua.

Paa la nyasi hupoza nyumba, lakini hushika moto na hudai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache; tena haliwezi kukinga maji safi ya kunywa. Mabati hukinga maji vizuri, ila huwa kama kikaango saa saba mchana. Dawa yake ni kuchagua mabati ya rangi nyeupe au ya kung'aa, kuweka dari ya mbao nyembamba au mikeka ya mafunjo, na kuacha matundu ya hewa juu ya ukuta ili joto lililonaswa kati ya bati na dari litoke.

Lisisahauliwe suala la radi. Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, hasa usiku. Nyumba iliyo peke yake kilimani ihitaji fimbo ya shaba na waya uliozikwa barabara ardhini, kazi ya kufanywa na fundi anayeielewa.

Tofali lisilokula msitu

Fundi wa kwanza aliyeitwa na sajini alipendekeza tofali za kuchoma. Ni tofali nzuri, lakini tanuri lake hula kuni kwa siku kadhaa usiku na mchana, na kisiwani kuni hizo hutoka katika msitu ule ule unaoshika udongo wa mteremko usishuke ziwani. Mchanga wa ufukweni nao, ukichotwa kwa malori, huacha ukingo wazi mbele ya mawimbi.

Ipo njia nyingine, nayo imetumika Uganda kwa miaka mingi: tofali za udongo na saruji kidogo, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kufungamana zenyewe bila tope jingi katikati. Dk. Moses Musaazi, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere, amefahamika kwa kazi yake ya kuziendeleza. Tofali hizi hazichomwi. Udongo mwekundu wa kilimani huchekechwa, huchanganywa na saruji kiasi cha sehemu 5 hadi 10 katika 100, hutiwa maji machache, kisha hushindiliwa. Tofali iliyotoka mashinani hufunikwa kwa majani au turubai na kunyunyiziwa maji kwa siku 7 au zaidi, kisha huachwa ikomae hadi siku 28. Anayezianika juani ili akomboe siku hupata tofali zinazomeguka kama biskuti.

Udongo wenyewe hupimwa kwa chupa. Tia udongo hadi theluthi ya chupa iangazayo, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini, udongo laini juu yake, na mfinyanzi juu kabisa. Ukiona mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga. Ukiona ni mchanga mtupu, tafuta udongo mahali pengine. Msingi uwe wa mawe na uinuke juu ya ardhi walau sentimita 45, ili maji ya mvua yasirukie ukuta na mchwa aonekane anapopanda.

Tangi ndiyo kisima

Mke wa sajini ndiye aliyefanya hesabu ya maji, kwa kalamu ya risasi nyuma ya daftari la mjukuu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 6 ni mita za mraba 60. Mahali panapopata mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 120,000. Tuseme moja ya tano hupotea kwa kumwagika na kukauka. Zabaki lita 96,000, yaani zaidi ya lita 260 kwa kila siku ya mwaka. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja, huhitaji lita 120 tu. Mvua ikikatika kwa siku 30, watahitaji akiba ya lita 3,600. Basi tangi la lita 5,000 lawatosha, na mtungi hautapelekwa tena kwenye konokono.

Mifereji iwekwe siku ile ile bati linapopigwa, isingoje "tukipata fedha." Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, kwa kuwa yanabeba vumbi na vinyesi vya ndege. Tangi lifunikwe, mdomo wake uwe na wavu, na ya kunywa yachemshwe.

Choo kisichimbwe karibu na maji. Kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, upande wa chini wa mteremko. Mahali ambapo shimo hufikia maji upesi, yafaa kujenga choo cha juu ya ardhi kinachotenga mkojo na kinyesi, ambacho hutumia majivu na baadaye hutoa mbolea ya migomba. Kwa taa, sahani moja ya kukinga mwanga wa jua na betri yake hutosha balbu nne, redio na kuchaji simu. Jikoni, jiko banifu la udongo hupunguza kuni na moshi, na macho ya mama hupumzika.

Siku ya kuhamia

Nyumba ya sajini ilianza na vyumba viwili na baraza. Wala hakuona haya. Fedha iliyobaki ilinunua mbuzi, miche ya miparachichi ya kukinga upepo, na bado ikabaki akiba benki kwa ugonjwa. Chumba cha tatu kitajengwa pensheni ikiruhusu, maana msingi wake ulikwisha kuwekwa.

Ile nyumba ya ufukweni ilipata mnunuzi. Mzee wa nyavu anasimulia kwamba mnunuzi huyo alifika wakati wa kiangazi, akapiga picha nyingi za ziwa, akaondoka pasipo kumuuliza mtu yeyote neno.

Familia za askari na polisi zinazofikiria kuhamia kisiwani, iwe Bugala au kwingineko, zisiogope. Kisiwa ni mahali pema pa kuzeekea. Ila waende wawili, mume na mke, waende wakati wa mvua, wapekue karatasi, na wakae na wazee wa mahali hapo kabla ya kutoa hata shilingi moja.